Kutoka Kibokoni hadi Chalbi: Safari ya Kuifuata Barabara ya Baba

Katika sebule ya nyumba yetu ya Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa kushoto unapoingia, kuna msumari ambao kwa zaidi ya miaka 40 umetundikwa chombo kimoja tu: chombo cha maziwa cha Wagabra, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi hadi kikawa kigumu kama gogo, chenye kifuniko kinachovishwa kama kofia na ukanda wa ngozi wa kubebea. Marehemu baba alirudi nacho kutoka kaskazini katika miaka ya 1970, alipokuwa dereva wa lori akipeleka sukari, majani ya chai na unga katika maduka ya Marsabit na North Horr. Mvua ilimkuta katikati ya jangwa la Chalbi, lori likazama hadi kwenye ekseli, na kwa siku sita yeye na utingo wake waliishi kwa maziwa ya ngamia waliyoletewa na watu ambao hawakuwa na lugha moja nao. Siku ya saba, ardhi ilipokauka kiasi cha kuondoka, mama mmoja wa boma lile alimkabidhi chombo hicho kikiwa kimejaa, akamwonyesha kwa mkono kwamba asikirudishe.

Mama yangu ana miaka 74 na si mtu wa kuomba. Jioni moja baada ya swala ya magharibi, akikipangusa vumbi kama anavyofanya kila wiki, aliniambia: "Mwanangu, nimekifuta chombo hiki miaka yote hii, na ardhi iliyokizaa sijui hata ina rangi gani." Mume wangu alikuwa ameketi kibarazani na alisikia kila neno. Likizo ya shule ya mwezi wa Agosti ilipofika, ami yangu alituazima Land Cruiser yake, tukapakia magaloni ya maji, magurudumu mawili ya akiba, mahamri ya siku tatu, tende, na halua ya kuwapa wenyeji wetu. Tulikuwa watano: mama, mume wangu, binti yetu wa miaka 15, mdogo wake wa miaka 11, na mimi. Chombo kilisafiri mapajani mwa mama, kimefungwa ndani ya leso.

Nilikuwa na nia yangu pia, ambayo sikumwambia mtu. Sisi tuliokulia Mji wa Kale tunadhani tunajua mahali pa kumbukumbu panavyopaswa kuwa. Pana kuta, lango, tiketi na kibao. Fort Jesus, ambayo wazee wetu huiita Ngomeni, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ikazingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, na mwaka 2011 UNESCO ikaiorodhesha miongoni mwa turathi za dunia. Mtoto wa Mombasa hukariri hayo kabla hajajua kuvuka barabara peke yake. Shule zetu huwapeleka wanafunzi Ngomeni, Jumba la Mtwana na Gede, mwaka baada ya mwaka, na hivyo mtoto hukua akiamini kwamba historia ni kitu kilichojengwa kwa mawe ya matumbawe karibu na bahari. Nilitaka wanangu waone kwamba nchi yao ina kumbukumbu kongwe kuliko hizo, tena mahali ambapo hapana kuta kabisa.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Jangwa, kama nilivyokuja kuelewa, huanza karibu zaidi na Mombasa kuliko tunavyodhani. Ukishapita Mariakani, majina yenyewe yanakwambia: Maji ya Chumvi, kisha Samburu, ambayo si Samburu ya kaskazini bali ni mji mdogo wa njiani wenye jina lile lile, kisha Taru. Nyika ya Taru ndiyo iliyowatisha misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani, kwa kuwa baina ya hapo na milima ya Taita wapagazi walitegemea ngurunga, yaani mashimo yaliyomo ndani ya miamba ambayo huhifadhi maji ya mvua. Ngurunga zikiwa tupu, watu walikufa kwa kiu. Leo malori yanapita hapo kwa msururu na hakuna anayetazama pembeni. Mama aliomba tusimame Mackinnon Road, katika msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali, Mpunjabi aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli hiyo. Baba hakuwahi kupita hapo bila kushuka kuomba dua. Tuliswali rakaa mbili, tukaendelea.

Tsavo tuliipita bila kuingia. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na barabara yetu ndiyo inayotenganisha sehemu ya Mashariki na ya Magharibi, kwa hiyo watoto waliona ndovu wekundu kwa udongo wakiwa bado wana mahamri mkononi. Mume wangu aliwasimulia habari za simba wawili waliowala wafanyakazi wa daraja la Tsavo mwaka 1898. Hayo yanajulikana, sina la kuongeza.

Nairobi tulilala usiku mmoja kwa sababu ya ndovu mmoja. Katika ua wa Makumbusho ya Taifa limesimama sanamu la Ahmed, ndovu wa mlima Marsabit, ambaye pembe zake zilikuwa ndefu mno hata zikakaribia kugusa ardhi, kila moja ikiwa na uzito wa kilo zipatazo 67. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, akawekewa walinzi usiku na mchana, akafa kifo cha kawaida mwaka 1974. Baba alikuwa akisimulia kwamba aliwahi kumwona usiku, katika mwanga wa taa za lori, akivuka njia ya kuingia Marsabit, na kwamba alitembea kama mtu aliyebeba boriti mbili. Mama alimjibu kila mara kwamba barabara ndefu humwonyesha dereva mambo mengi. Sasa alisimama mbele ya sanamu lile kimya, akaliangalia kutoka miguuni hadi kwenye pembe, kisha akasema taratibu: "Boriti mbili. Kumbe alisema kweli, na mimi sikumwamini." Binti yangu alimshika mkono. Sisi watu wa Mombasa hupita Mapembeni kila siku, chini ya zile pembe kubwa za madini katika barabara ya Moi, na ni mara chache tunawaza kwamba utajiri wa miji yetu ya pwani ulitembezwa mabegani mwa watu kutoka bara, na kwamba kila jozi ya pembe ilikuwa na mnyama wake.

Kutoka Nairobi hadi Isiolo barabara inapita chini ya Mlima Kenya, kwenye mashamba na baridi, na mtu hawezi kuamini kwamba baada ya saa chache tu atakuwa kwenye nchi ya vumbi. Isiolo ndipo Kenya ya zamani ilipokuwa ikikomea. Serikali ya kikoloni iliifunga kaskazini yote, mtu haingii wala hatoki bila kibali; baada ya uhuru vikaja vita vya mashifta, yaani waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vya 1963 hadi 1967, na kwa miaka mingi baadaye magari yalikuwa yakisubiriana kwenye kizuizi ili yaongozane na askari. Baba alikuwa akisema kwamba watu wa kaskazini, wakimwona dereva kutoka kusini, humuuliza: "Habari za Kenya?" Nilipokuwa mtoto nilidhani ni maneno ya kufurahisha tu. Baadaye nilipoyafikiria nikaona ni malalamiko yaliyosemwa kwa adabu.

Safari ya Isiolo hadi Marsabit, iliyokuwa ikimchukua baba siku mbili kwenye mawe na makorongo, sisi ilituchukua chini ya saa nne. Lami ya Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, ilikamilika katika muongo uliopita, na pengine ndiyo badiliko kubwa kuliko yote ambayo kaskazini imeona tangu uhuru. Tulivuka Ewaso Ng'iro pale Archers Post, tukapita chini ya Ololokwe, jabali jekundu lenye kichwa bapa ambalo Wasamburu wanaliheshimu kama mahali patakatifu, kisha Laisamis, kisha uwanda wa Kaisut ambao hauna mti wa kumkinga mtu. Mama alikuwa akitaja majina kabla hatujayafikia. Hakuwahi kufika huko hata siku moja, lakini alikuwa amesikia orodha ile mara nyingi usiku, mezani, baba akila wali wake wa saa nne, hata njia nzima ilikuwa kichwani mwake. Mwanangu wa kiume alikuwa ameshika ramani ya simu. Ilipopoteza mtandao baada ya Laisamis, akaanza kumuuliza bibi yake.

Marsabit humshangaza mgeni kwa ubaridi. Ni mlima wa volkano uliosimama peke yake katikati ya majangwa, wenye msitu juu, na kila asubuhi ukungu huushukia hadi barabarani. Ukungu huo ndio uhai wake: miti huukamata, maji yakateremka, na watu wa nchi kavu ya chini wakapata visima. Ndani ya hifadhi ya taifa tulifika Gof Sokorte Guda, kreta yenye ziwa ambalo wageni waliliita Paradise, na ambapo Wamarekani Martin na Osa Johnson walipiga kambi katika miaka ya 1920 wakipiga picha za wanyama. Ziwa lilikuwa limepungua sana, tope kubwa kuliko maji. Mlinzi wa hifadhi alituambia kwamba katika ukame mkali hukauka kabisa.

Kitu ambacho sitakisahau Marsabit ni visima. Kijana wa Kigabra tuliyemwajiri kutuongoza alituombea ruhusa kwa wazee, nao wakakubali tukae pembeni, bila kupiga picha, nasi tukatii. Wanaume walikuwa wamejipanga mmoja juu ya mwingine ndani ya shimo refu, wakirushiana ndoo kutoka chini hadi juu, na aliye juu kabisa anamimina kwenye birika la udongo wanakonywea ng'ombe. Mwendo wa ndoo unaongozwa na wimbo. Anayekosea mapigo anamwaga maji. Kijana wetu alisema kila ukoo una wimbo wake na kwamba mifugo iliyo mbali, ikisikia wimbo wa bwana wake, hujua zamu yake imefika. Mume wangu, ambaye babu yake alikuwa baharia wa majahazi, alinong'ona kwamba mabaharia walipokuwa wakipandisha foromali, ule mti unaoshika tanga, waliimba kwa namna ile ile, kwa sababu kazi ya mikono mingi haiendi bila sauti moja. Visima vile vilichimbwa na wahenga wa watu wanaovitumia, vinatunzwa kwa sheria zinazojulikana na kila mtu, na ni kongwe kuliko kumbukumbu ya yeyote aliyekuwapo pale. Havina kibao. Kama tungepita bila mwenyeji tungeona mashimo tu na ng'ombe wenye kiu. Hapo ndipo fikira yangu ya kuta na malango ilipoanza kuvunjika: kumbukumbu ile ilikuwa mikononi mwa wanaume wale waliolowa maji, ikitumika.

Siku iliyofuata tuliteremka mlima kuelekea Maikona, na baada ya hapo ardhi ikafunguka. Nimeiona bahari kila siku ya maisha yangu na bado sikuwa tayari kuiona Chalbi. Ni uwanda mweupe, bapa, usio na jani, unaokwenda hadi pale mbingu inapoanza, na mazigazi yanapotokea unaona maji yanayometameta na vivuli vya ngamia vinavyoelea juu yake. Wagabra wanasema jina lake lina maana ya mahali patupu penye chumvi. Zamani sana, maelfu ya miaka yaliyopita, hapa palikuwa ziwa. Nchi ilipokauka, maji yakaondoka na chumvi ikabaki. Hata leo mvua kubwa ikinyesha uwanda hugeuka ziwa la kina kifupi kwa muda, na chini ya ukoko ule mweupe kuna tope laini linaloweza kumeza lori. Kijana wetu aliongoza kwa kufuata nyayo za magurudumu ya zamani na akakataa kabisa kwenda upande ambao mwanangu alidhani ni mzuri zaidi.

Hakuna aliyejua baba alikwama wapi. Hakuna alama, na hata kama ingekuwepo chumvi ingeshaifuta. Mama alichagua mahali mwenyewe. Alisema, "Simamisha hapa," tukashuka sote katika joto lile, tukageukia kibla, tukamsomea baba Fatiha na Yasin ambayo binti yangu aliisoma kwa sauti kwa sababu mama alishindwa kuimaliza. Upepo ulikuwa ukiipeperusha buibui yake na hakukuwa na sauti nyingine yoyote. Kisha akainama, akachukua punje za chumvi, akazionja. Yeye ni mtu wa Gongoni kwa kuzaliwa, kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, na anaijua chumvi kama wengine wanavyoujua unga. "Hii si ya bahari," alisema. "Ina ukali wa magadi." Kijana alimwambia ndivyo ilivyo, na kwamba wafugaji huikusanya kwa ajili ya mifugo. Mama alifunga kiasi cha kiganja kimoja kwenye pindo la leso yake.

Kalacha ni chemchemi iliyo pembezoni mwa jangwa, yenye mikoma, na mama alipoiona mikoma ile alifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini, maana kwa miyaa ya mti huo huo alifundishwa kusuka ukili akiwa msichana. Kijana wetu alitupeleka kwa bibi wa makamo ya mama, tukatoa salamu, tukaketi kwenye ngozi ndani ya kivuli cha hema lao la mikeka, tukaletewa chai ya maziwa ya ngamia. Mama akafungua leso na kukitoa chombo.

Yule bibi hakukishangaa hata kidogo. Alikipokea kama mtu anayepokea mtoto wa jirani, akakigeuza, akaupitisha ukucha kwenye mishono, akavua kifuniko, akanusa ndani. Kisha akasema neno ambalo kijana alisita kulitafsiri. Mama akamwambia aseme tu. "Anasema chombo hiki kimelala na njaa." Alieleza kwamba chombo cha maziwa hakioshwi kwa maji na sabuni bali hufukizwa kwa kaa la moto la miti iliyochaguliwa, ili kisiharibu maziwa na ili nyuzi zisife, na kwamba hiki kimekaa miaka mingi bila moshi na kimeanza kukauka moyoni. Mama alinyamaza. Kwa miaka 40 alidhani amekitunza. Lakini yule bibi alikuwa ameshainuka. Alirudi na makaa kwenye kigae, akatia vijiti, akavitumbukiza ndani, akafunga kifuniko na kukitikisa taratibu huku akizungumza, akarudia mara tatu au nne, na harufu ya moshi wenye utamu ikajaa hemani. Alipomaliza alimimina maziwa ndani na kumpa mama anywe wa kwanza. Mama alimwambia, kupitia kwa kijana, kisa chote cha lori na siku sita. Bibi yule hakumjua dereva yeyote, na hakujifanya kumjua. Alisema tu kwamba mtu aliyekwama Chalbi ni mgeni wa kila mtu. Pesa alizikataa. Halua aliipokea, na leso ya mama yenye maandishi ya Wema Hauozi akajitanda papo hapo. Kijana alipomsomea maandishi alicheka na kuyarudia kwa lugha yake.

Kutoka North Horr kwenda Loiyangalani njia huingia kwenye mawe meusi ya volkano, na hapo tulipata pancha mbili kwa mchana mmoja. Nasema hivi kwa ajili ya wanaofikiria kusafiri: gurudumu moja la akiba halitoshi, mafuta jazeni Marsabit, na msitembee gari moja bila mwenyeji. Jua lilikuwa linashuka tulipofika kilele cha mwisho, na Ziwa Turkana likatokea chini yetu, la kijani kibichi katikati ya weusi wote ule, kubwa hata ng'ambo isionekane vizuri. Ni ziwa la jangwani kubwa kuliko yote duniani yanayodumu mwaka mzima, na maji yake yana ladha ya magadi. Takriban asilimia 90 ya maji hayo huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na ndiyo sababu bwawa la umeme lililojengwa juu ya mto huo limewatia watu hofu, na UNESCO ikaziweka hifadhi za ziwa hili kwenye orodha ya turathi zilizo hatarini mwaka 2018.

Usiku ule upepo ulivuma hata tukadhani paa litang'oka. Mwenyeji wetu alisema ndivyo ilivyo, kwamba upepo huo hutoka kusini-mashariki, upande wa Bahari ya Hindi, ukabanwa baina ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kama maji yanayopita kwenye mfereji mwembamba. Watoto walikuwa na woga. Mama alikaa kitandani akausikiliza, akawaambia: "Huu unatoka kwetu. Ulipita kibarazani kabla ya kufika hapa." Baada ya hapo wakalala.

Asubuhi tulipanda kilimani kwenye Makumbusho ya Jangwa, yaliyofunguliwa mwaka 2008, ambapo yameelezwa maisha ya jamii zinazoishi pande za ziwa. Huko ndiko nilikosimama na wanangu kuwaeleza habari moja ambayo naona inatuhusu sana watu wa pwani. Vitabu husema kwamba ziwa hili lilifikiwa Machi 1888 na Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, wakaliita Rudolf kwa jina la mwana wa mfalme wa Austria, jina lililodumu hadi 1975. Lakini Wazungu hao wawili hawakutembea peke yao. Msafara wao ulianzia Pangani ukiwa na mamia ya wapagazi, wengi wao Waswahili na watu wa Unguja, na pamoja nao alikuwapo Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia za bara. Na waliowaelekeza ni wenyeji waliokuwa na jina lao la ziwa tangu zamani, Basso Narok, ziwa jeusi. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika ufukweni hapa zaidi ya miaka 130 iliyopita, kikisemwa na watu waliobeba mizigo vichwani, na mimi ninaona ni haki majina yao yatafutwe na yafundishwe kama tunavyofundisha majina ya wale waliowaajiri.

Tuliwatembelea Waelmolo huko Layeni, jamii ndogo mno ya wavuvi ambayo lugha yao ya asili imepotea na sasa wanazungumza Kisamburu. Nyumba zao ni za duara, za miyaa ya mkoma. Maji ya ziwa yamepanda sana katika miaka ya karibuni, na Komote, kijiji chao kingine, kimetengwa na nchi kavu. Mama alikaa na akina mama pale akawaonyesha ukili wa Kimvita wa njia saba, nao wakamwonyesha wanavyofunga paa. Alikataa kuondoka mapema. Ndiyo maana mimi, mume wangu na mwanangu tulikwenda Sibiloi bila yeye, binti yangu akabaki kumwangalia.

Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi ilianzishwa mwaka 1973 ili kulinda mifupa, na hilo peke yake lilimfurahisha mwanangu. Ni nchi kavu iliyochunwa na upepo, na kila upepo unapochuna, dunia ya kale hutokea. Kuna magogo ya miti yaliyogeuka mawe, kutoka wakati ambapo hapa palikuwa msitu. Koobi Fora, juu ya rasi inayoingia ziwani, ndipo Richard Leakey na wenzake walipoanza kazi mwaka 1968, lakini fuvu mashuhuri linaloitwa 1470, lenye umri wa karibu miaka milioni 2, liliokotwa mwaka 1972 na Bernard Ngeneo, Mkenya, likiwa vipande vidogo vidogo. Mkenya mwingine, Kamoya Kimeu, ndiye aliyeona ng'ambo ya ziwa, huko Nariokotome, mwaka 1984, kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa Turkana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mtunzaji aliyetuzungusha alituonyesha mifupa ya ndovu wa kale iliyoachwa pale pale ilipopatikana, na akatusimulia nyayo za Ileret, kaskazini zaidi, ambazo watu wa kale walizikanyaga kwenye tope la ufukwe miaka milioni 1.5 iliyopita na zikatangazwa mwaka 2009. Mwanangu aliuliza kama walikuwa watoto au watu wazima, na walikuwa wanakwenda wapi. Mtunzaji alimjibu kwa heshima kabisa, kana kwamba anamjibu profesa: "Kando ya maji, kama sisi."

Tulirudi kwa njia ya kusini, tukapita kwenye vinu 365 vya upepo vilivyosimama kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, vyenye uwezo wa megawati 310, ambavyo husafirisha upepo ule ule hadi kwenye taa za miji. Chini yake wachungaji walikuwa wakipitisha mbuzi gizani. Laisamis tulikutana tena na lami, na siku ya tatu jioni tukavuka Makupa kuingia kisiwani Mombasa.

Chombo kimerudi kwenye msumari wake. Kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri mama huteremka na kifukizo, huweka makaa na vijiti alivyopewa Kalacha, hufunga kifuniko na kukitikisa taratibu mara tatu au nne kama alivyoonyeshwa. Vijiti vilipokaribia kwisha alimpigia simu yule kijana wa Marsabit, na fungu jingine likaletwa kwa basi, pamoja na ujumbe kwamba bibi anauliza kama chombo kinakula vizuri.